Kabla Hujatuma Pesa ya Mjengo: Bajeti ya Nyumba Unayojenga Ukiwa Mbali

Ujumbe uliingia Jumamosi saa nne asubuhi. Kila mwenye mjengo anajua Jumamosi ni siku ya aina gani: ni siku ya fundi kulipwa.

"Braza, pesa imeisha. Tumefika linta. Fundi anasema kama hakuna mbao na mabati, watu waende nyumbani."

Aliyepokea ujumbe huo ni mwenzetu hapa ofisini. Ametukubalia tusimulie habari yake bila kutaja majina. Alikuwa akimjengea mamake nyumba ya vyumba viwili vya kulala karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Yeye anafanya kazi Nairobi, na mdogo wake ndiye aliyekuwa saitini kila siku. Kwa miezi mitano alikuwa ametuma shilingi 1,180,000. Bajeti yake, aliyoiandika nyuma ya bahasha, ilisema kwamba shilingi 1,200,000 zingefikisha nyumba kwenye paa. Sasa alikuwa na kuta zisizo na paa, mvua ya Aprili imeanza, na shilingi 20,000 mkononi.

Hakumjibu mdogo wake siku hiyo, wala siku iliyofuata. Jumatatu wakati wa chai alitwambia kwa sauti ya chini, "Nadhani kijana amenila."

Habari kama hii si ngeni kwetu. Wateja wengi hutumia simu kujenga nyumba wasiyoiona: uko Nairobi, Mombasa au Doha, mjengo uko ushago, na katikati kuna ndugu, shemeji au binamu anayepokea pesa. Nyumba ikikwama, lawama humfikia yeye kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Kwa hivyo jioni hiyo tulimwomba mwenzetu jambo moja: kabla ya kumpigia mdogo wako ukiwa na hasira, toa taarifa ya miamala ya miezi yote mitano, tuketi tuhesabu.

Pesa ilienda wapi?

Tulipanga kila muamala kwenye jedwali: fundi, hadwea, lori, na pesa iliyotumwa moja kwa moja kwa mdogo wake. Kisha tukampigia simu, tukaiweka kwenye spika. Kijana alikuwa na daftari. Akasoma, sisi tukaweka alama. Ilituchukua karibu saa mbili.

Haya ndiyo matumizi ambayo hayakuwepo kwenye ile bahasha:

- Kuchimba na kuondoa udongo mweusi, kisha kujazia mawe na murram: shilingi 146,000
- Lori na uchukuzi wa vifaa: shilingi 62,500
- Kubadilisha mchoro baada ya slabu kumwagwa: shilingi 38,000
- Maji ya kuchanganyia simiti, mlinzi wa usiku, chakula cha watu siku ya slabu, na ada za kutuma na kutoa pesa: shilingi 47,300

Jumla ni shilingi 293,800. Ilikuwa ndiyo paa, mbao na mabati pamoja.

Mwishowe zilibaki shilingi 6,500 ambazo hazikuwa na maelezo. Mwenzetu akauliza. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizo ni nauli, braza. Nilienda Kisumu mara kumi na tatu kuuliza bei. Kwenda na kurudi, pamoja na boda, ni mia tano."

Hapo hata sisi tuliokuwa tukisikiliza tuliona aibu. Kijana alikuwa amesimamia mjengo miezi mitano, jua na mvua, na yeye mwenyewe hakuwa amelipwa hata shilingi moja. Kwenye bahasha hakukuwa na mstari wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilikuwa upande mmoja tu. Pesa haikuibwa. Ilitumika kwa mambo ya kweli ambayo hakuna aliyeyahesabu mapema. Bajeti ya nyumba hukueleza nyumba itagharimu kiasi gani, na pia humlinda yule uliyempa kazi ya kuisimamia.

Hebu sasa tuone jinsi bajeti hiyo ingeandikwa tangu mwanzo.

Anza na mtu atakayelala humo

Ramani ya kwanza ya mwenzetu ilitoka mtandaoni. Ilikuwa nyumba nzuri, ina veranda na ngazi tatu za kupandia. Shida ni kwamba mamake ana maumivu ya magoti. Tena eneo lenyewe liko uwanda wa Kano, ambako mto Nyando ukifurika maji huingia maboma. Kwa hivyo sakafu ilipaswa kuinuliwa, na ikainuliwa sentimita 60 kutoka ardhini. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini mama atapandaje?

Jibu ni njia ya mteremko badala ya ngazi. Wasanifu hushauri mteremko wa moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, unahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Sakafu ikiwa juu sentimita 60, njia hiyo inafika mita 7.2. Hiyo ni konkriti, mawe na nafasi uwanjani, na haikuwa kwenye ramani wala kwenye bahasha.

Jambo la pili lilikuwa choo. Ramani ilikuwa na choo cha nje. Slabu ilipokwisha kumwagwa ndipo familia ilipokumbuka kwamba mama huamka usiku. Ikabidi slabu ivunjwe sehemu, mabomba yapite, na ukuta mmoja usogezwe. Mchoro ukiwa bado kwenye karatasi, kuhamisha choo hakugharimu kitu. Ukiwa tayari ni konkriti, kulimgharimu shilingi 38,000.

Kwa hivyo kabla hujamwona msanifu wa majengo, keti na familia mjibu maswali haya:

- Nani atakaa humu leo, na nani baada ya miaka kumi?
- Maji yatatoka wapi: bomba, kisima, au mvua kutoka kwenye paa?
- Maji taka yataenda wapi?
- Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita upande gani wa shamba? Waulize majirani wazee, wao wameona.
- Tukitaka kuongeza chumba baadaye, kitakaa upande upi?
- Kuna mtu anayetembea kwa mkongojo au kiti cha magurudumu? Kama yupo, milango iwe na upana gani?

Kila jibu lina bei yake, na ndiyo maana ramani ya bure kutoka mtandaoni mara nyingi si ya bure. Msanifu na mkadiriaji wa gharama za ujenzi wote husajiliwa na bodi moja, BORAQS, kwa hivyo una haki ya kuuliza nambari ya usajili na kuhakikisha. Mkadiriaji atakupa orodha kamili ya vifaa na gharama, mstari kwa mstari. Orodha hiyo ndiyo bajeti yako halisi. Bahasha haitoshi.

Chimba shimo kabla ya kuchora msingi

Zile shilingi 146,000 za udongo zingejulikana kwa kazi ya siku moja ya watu wawili.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, kama ule wa Mwea na sehemu za Kitengela na Athi River, una tabia yake. Ukinyonya maji unavimba. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Nyumba iliyokaa juu yake husukumwa na kuachiliwa kila msimu hadi kuta zipasuke. Ndiyo sababu mafundi huuondoa hadi wafike ardhi ngumu, kisha wakajazia mawe na murram. Kuchimba ni pesa, kuuondoa ni pesa, na vya kujazia huja kwa lori.

Huwezi kujua kina chake kwa kuutazama juu juu. Chimba mashimo ya majaribio, angalau mawili kwenye pembe za nyumba na moja katikati, hadi ufike ardhi ngumu. Pima kina, piga picha ukiwa umeweka futi ndani ya shimo, na umpelekee injinia wa majengo. Yeye ndiye atakayesema msingi uwe wa aina gani. Mkadiriaji akiwa na kina hicho, ataandika nambari ya kweli.

Jirani akikwambia, "Mimi nilichimba futi mbili tu," mshukuru, lakini chimba lako. Hata ndani ya shamba moja udongo unaweza kubadilika.

Karatasi ni sehemu ya bajeti

Wengi huanza kuhesabu kwenye mawe na simiti. Anza na karatasi.

Kama unanunua ploti, fanya utafutaji rasmi wa hatimiliki kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikilia. Hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hatimiliki, na kama ameoa au ameolewa, uliza kuhusu idhini ya mwenzi wake. Shamba la kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo. Na usishangae ukipima: ploti ya hamsini kwa mia ni futi mraba 5,000, ilhali moja ya nane ya ekari kamili ni futi mraba 5,445. Muuzaji akikwambia ni kitu kimoja, wewe pima.

Kama ni shamba la familia, tazama hatimiliki iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni la babu aliyefariki, shughulikia mirathi kwanza. Utajenga nyumba ya mamilioni juu ya ardhi ambayo kisheria bado si yako wala ya mama, na siku ya mgogoro risiti za simiti hazitakusaidia sana.

Kisha kuna idhini za ujenzi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kaunti ndiyo inayoidhinisha michoro. Mradi wenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kila Mkenya anaijua ile X nyekundu ukutani. Uliza ada mapema katika ofisi husika na uziandike kwenye bajeti, kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Gawanya nyumba kwa hatua, kila hatua na pesa yake

Kosa kubwa la bahasha lilikuwa kwamba pesa yote ilikuwa kapu moja. Msingi ulipokula zaidi, ulikula pesa ya paa, na hakuna aliyeona hadi walipofika linta.

Sisi tunapendekeza hatua sita:

1. Karatasi, mchoro, mashimo ya majaribio na idhini
2. Msingi hadi slabu
3. Kuta hadi linta na mkanda wa juu
4. Paa
5. Milango, madirisha, nyaya za stima, mabomba na plasta
6. Sakafu, dari, rangi, tangi, maji taka na ua

Kanuni ni moja: usianze hatua kabla pesa yake yote haijawekwa kando, pamoja na asilimia 10 ya dharura.

Kanuni hii ina maana zaidi kwenye hatua ya 3 na 4. Slabu iliyokauka vizuri inaweza kukungoja. Nyumba iliyoezekwa na kufungwa inaweza kukungoja pia. Lakini kuta zisizo na paa hunyeshewa kutoka juu, na mbao za kushikilia konkriti huoza au hupotea usiku. Kwa hivyo zihesabu hatua hizo mbili kama moja. Ukianza kuta, uwe tayari na pesa ya mabati.

Halafu usidanganywe na paa. Ukiona mabati yanang'aa unaweza kudhani umemaliza, lakini mara nyingi hatua ya 5 na ya 6 zikijumlishwa hula pesa inayokaribia ile ya kuinua nyumba yenyewe. Hapo ndipo nyumba nyingi hukaa miaka bila madirisha.

Tuchukue mfano. Tuseme orodha ya mkadiriaji inasema shilingi 2,400,000. Asilimia 10 ya dharura ni shilingi 240,000. Jumla ni 2,640,000. Ukiweka akiba ya shilingi 30,000 kila mwezi, utahitaji miezi 88, yaani miaka saba na miezi minne. Hesabu hii haifurahishi, lakini ni afadhali kuijua leo kuliko kuijua kwenye linta.

Ukishaijua, una njia. Moja ni nyumba inayokua: mchoro kamili wa vyumba viwili au vitatu, lakini unaanza na chumba kimoja, sebule, jiko na bafu. Msingi wa sehemu ya pili unawekwa alama kwenye mchoro, mabomba yanaachiwa nafasi, na mlango wa baadaye unajulikana. Mama anaingia ndani mwaka huu, na nyumba inaendelea kadiri pesa inavyopatikana.

Mistari ambayo watu husahau

Kata sehemu hii uibandike ukutani. Karibu kila mjengo huwa nayo, na karibu kila bahasha huisahau:

- Uchukuzi. Bei ya hadwea si bei ya saitini.
- Maji. Konkriti na plasta hunywa maji mengi, na slabu humwagiliwa kwa angalau siku saba baada ya kumwagwa.
- Stoo ya muda ya kuhifadhi simiti, na mlinzi.
- Kukodisha mashine ya kuchanganya konkriti na mbao za kushikilia.
- Chakula au chai ya watu siku ya slabu.
- Kuunganishiwa stima na maji.
- Ada za kutuma na kutoa pesa.
- Nauli na kredo ya msimamizi.
- Malipo ya msimamizi mwenyewe, hata akiwa ni ndugu yako wa damu.

Huo wa mwisho usiuone haya. Ndugu asiyelipwa huishia kujilipa kimyakimya, au huvumilia hadi moyo uchoke. Mkikubaliana kiasi fulani kwa mwezi, mbele ya wazazi ikibidi, hakuna atakayelazimika kubahatisha.

Hesabu ndogo ya kukuweka macho

Huhitaji kuwa injinia ili kujua kama ombi la vifaa lina mantiki. Chukua slabu. Nyumba ya mita 10 kwa 7 ina sakafu ya mita mraba 70. Slabu ya unene wa sentimita 10 itakuwa na konkriti ya mita 7 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo hutumia karibu mifuko sita na nusu ya kilo 50. Saba mara sita na nusu ni karibu mifuko 46.

Fundi akiomba 50, hiyo ni sawa. Kuna kumwagika na kuharibika. Akiomba 80, usimwite mwizi. Muulize, "Fundi, nieleze, hii thelathini inaenda wapi?" Huenda slabu ni nene zaidi kuliko ulivyodhani, au kuna sehemu hujaihesabu. Huenda pia hakuna jibu.

Usinunue simiti ya miezi mitatu kwa sababu bei ni nzuri leo. Simiti hunyonya unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko, na nguvu yake hupungua. Nunua ya kazi iliyo karibu, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Na konkriti ikishamwagwa, mpe muda. Injinia huhesabu nguvu zake kamili kwa siku 28, kwa hivyo fundi anayekimbilia kuondoa nguzo za kushikilia usimpe sifa.

Pesa ipite njia inayoonekana

Hapa ndipo simu yako inaposaidia, kama utaitumia kwa mpango.

*Tenga laini au akaunti ya mjengo.* Pesa ya nyumba isikae pamoja na ya karo, ya chakula na ya wikendi. Mwisho wa mwezi taarifa yako itakuwa daftari la mjengo peke yake.

*Lipa hadwea moja kwa moja.* Badala ya kumtumia ndugu pesa aende akatoe, lipa kwenye till ya duka, naye apokee mzigo. Utapunguza ada za kutoa pesa, na kila ununuzi utakuwa na ujumbe wake. Mwombe apige picha ya risiti na ya vifaa vikiwa saitini siku hiyo hiyo.

*Soma jina kabla ya kuweka PIN.* Nambari moja ikikosewa, pesa ya kokoto inaenda kwa mtu usiyemjua. Ikitokea, anzisha ombi la kurudishiwa mara moja, kabla hajaitoa.

*Nambari mpya, piga ya zamani.* Ukipokea ujumbe, "Hii ndiyo nambari yangu mpya, tuma ya mchanga hapa," usitume. Piga ile unayoijua, usikie sauti. Matapeli wanajua Jumamosi ni siku ya kulipa.

*Jua kikomo chako.* Kuna kiwango cha juu cha pesa unayoweza kutuma kwa mara moja na kwa siku. Usikijue wakati lori la mabati limeshaegesha na dereva anapiga honi.

*Lipa kazi iliyofanyika.* Kama mmekubaliana kwa siku, lipa kwa orodha ya waliofika. Kama ni kwa mkataba wa hatua, gawanya malipo kulingana na kazi inayoonekana na ubakishe sehemu, tuseme asilimia 10, hadi kasoro zirekebishwe. Mkataba uwe umeandikwa, hata kama ni ukurasa mmoja.

*Hesabu kila Ijumaa jioni.* Wewe na msimamizi, dakika ishirini kwa simu. Yeye anasoma daftari, wewe unasoma taarifa ya miamala. Tofauti ya wiki moja hueleweka. Tofauti ya miezi mitano huvunja familia.

Na mkopo je?

Mkopo si dhambi, ila kila mkopo una kazi yake. SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Tuseme unachukua shilingi 600,000 kwa miezi 36, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Utalipa karibu shilingi 19,930 kila mwezi, na jumla ya riba itakuwa karibu 117,400. Jiulize kama unaweza kulipa hizo 19,930 na bado ukalisha familia, hata mwezi wa Januari. Pia ujiulize kama mkopo huo unamaliza hatua nzima. Mkopo unaokuacha katikati ya kuta utakupa madeni mawili: la SACCO na la mvua.

Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, lakini hili tutalisema wazi: mkopo mdogo wa simu wa siku thelathini si wa kununua mabati. Ni wa dharura ndogo ambayo pesa yake unajua inaingia lini. Nyumba ni kazi ya miaka, na pesa yake pia iwe ya miaka.

Nyumba ya Ahero

Mwenzetu alimpigia mdogo wake tena usiku ule ule, safari hii bila spika. Hatujui waliongea nini. Tunajua tu kwamba kesho yake alituma shilingi 6,500, na kwenye WhatsApp akaandika, "Hiyo ni ya nauli. Ya kazi tutaongea."

Walisimamisha mjengo. Vichwa vya kuta vilifunikwa karatasi za nailoni zilizoshikiliwa na mawe. Mkadiriaji kutoka Kisumu alipima kilichokuwepo na kuandika orodha ya kilichobaki, mstari kwa mstari, na mstari wa kwanza ulikuwa malipo ya msimamizi. Pesa ya paa ilikamilika Agosti, na mabati yalipanda Septemba. Hatua ya 5 bado inaendelea polepole. Kuna madirisha mawili ambayo kwa sasa yamezibwa kwa mabati, na hakuna anayelala bila usingizi kwa sababu hiyo, maana kwenye jedwali yamepangiwa mwezi wake.

Njia ya mteremko ilijengwa kabla ya plasta. Alituonyesha picha: mama amesimama juu yake, mkono mmoja kwenye reli, na yule kijana yuko nyuma yake bila kumshika, ila amekaa tayari.

Kama Jumamosi hii kuna fundi anayekungoja, tuma pesa yake, amefanya kazi. Kisha Jumapili chukua daftari jipya, toa taarifa yako ya miamala, na umpigie msimamizi wako. Mwanzieni pale pale mlipo. Ukishamaliza kuhesabu, angalia kama jina lake liko kwenye bajeti.